Hatua Elfu Saba za Fundi Sufiani

Jumatano, 11 Juni

Pete imefika. Imekuja na basi la Dodoma, ndani ya boksi dogo, na Dadi amelifungua kabla yangu. Anasema alidhani ni lake. Juu limeandikwa kwa herufi kubwa: FUNDI SUFIANI, MJI MPYA, MOROGORO. Dadi ni mdogo wa marehemu mke wangu, ni fundi cherehani kama mimi, na kibaraza chake kimepakana na changu. Moja tu kati ya hayo lingenitosha.

Pete ni ya kupima afya. Nyeusi, haina jiwe, kwa ndani ina vitaa vya kijani. Inahesabu hatua, usingizi na mapigo ya moyo. Inaiambia simu yangu, na simu yangu inamwambia binti yangu Zuleha, ambaye ni nesi huko Dodoma. Yote haya kwa sababu mwezi wa nne nilianguka dukani. Mimi nasema niliteleza. Zuleha anasema presha. Dadi, ambaye hakuulizwa, alisema presha.

Masharti ya Zuleha: hatua elfu saba kila siku, mpaka Jumapili tarehe 22. Nikishindwa, anakuja kutuchukua mimi na cherehani yangu tukaishi kwake, ghorofa ya tatu. Nimemuuliza huko Dodoma nitamtembelea nani siku ya Ijumaa. Mama yake amelala makaburi ya Kola, mwaka wa sita sasa, na sijakosa Ijumaa hata moja. Siondoki!

Hatua za leo: 611.

Nyongeza: nimemkuta Dadi anapima kibaraza changu kwa futi. Anasema alikuwa anainyoosha futi.

Alhamisi, 12 Juni

Akili imefanya kazi. Pete inahesabu mwendo. Mguu wangu wa kulia unakanyaga cherehani toka saa mbili asubuhi. Kwa nini mwendo wote huo upotee bure? Nimeivalisha kidole gumba cha mguu. Nimeshona mashuka ya gesti kutwa. Hatua 9,480! Bila kuinuka kwenye kiti!

Jioni Zuleha akapiga. Amefurahi. Ila anauliza imekuwaje nimetembea hatua elfu tisa huku moyo unapiga kama wa mtu aliyekaa. Nikasema nina moyo mtulivu. Akaomba nimpigie picha pete ikiwa kidoleni. Hapo ndipo nilipogundua kwamba haitoki. Kidole kimevimba. Sabuni. Mafuta ya nazi. Mafuta ya cherehani. Mwishowe Dadi ameing'oa kwa uzi, amekalia goti langu, wateja watatu wanatazama. Ameapa hatamwambia mtu. Kabla ya swala ya isha mtaa mzima ulikuwa unaniulizia hali ya kidole.

Ijumaa, 13 Juni

Aibu. Baada ya mambo ya jana nimeivaa kidole chembamba cha mkono. Inalegea, na mwanga unachungulia. Msikitini nilikuwa safu ya mbele. Kila nikisujudu, kijani! Mzee Abdulswamad aliyekuwa ubavuni mwangu akawa anasogea kidogo kidogo. Tulipomaliza akanivuta pembeni, akaniuliza kwa upole kama hiyo ni pete ya jini, na kama kweli maisha yamenishinda kiasi hicho. Nikamweleza ni ya presha tu. Akasema majini ya presha ndiyo mabaya zaidi.

Nimekwenda Kola. Kwa bodaboda, jua lilikuwa kali. Nimemsimulia Mwanvita yote, hata la kidole cha mguu. Angecheka mpaka ajishike mbavu. Nammisi sana kicheko kile.

Hatua: 1,902. Nyingi ni za kutafuta kobazi zangu mlangoni msikitini.

Jumamosi, 14 Juni

Nimepata! Nimepata na nimepata!

Asubuhi alipita Eufrazia. Ni mkulima wa mbogamboga, anaishi juu mlimani, Choma. Siku zote isipokuwa Jumapili anashuka na tenga la karoti na kabichi kichwani, anauza sokoni, kisha anapanda tena mlima wote ule. Kwa miguu! Mbele ya kibaraza changu! Miaka yote nimekuwa namtazama bila kuona kitu.

Alikuja kuulizia gauni la binti yake Magdalena. Jeupe, la komunio ya kwanza, Jumapili ya tarehe 22, sikukuu ya Ekaristi. Kitambaa aliniletea kabla ya Pasaka. Mara sita nimemwambia njoo kesho. Ndivyo mafundi tunavyosema, hata mteja anajua. Nikamkaribisha kiti. Nikamwambia, mama, gauni nitalishona bure, na litatangulia kazi zote, ila nivalie pete hii upande nayo na ushuke nayo. Akaitazama. Akapiga ishara ya msalaba. Akauliza kama ina kitu ndani. Nikasema ina betri. Akaijaribu: vidole vyake vya jembe ni vinene kuliko vyangu, imemkaa vizuri kabisa kwenye kile kidogo.

Nimelala mchana kutwa kwa furaha.

Jumatatu, 16 Juni

Eufrazia ameshuka. Pete ilipofika karibu na simu yangu ikamwaga yote iliyoyashika. Jumamosi nusu siku: 13,000 na ushee. Jana, siku ya misa: 11,750. Leo asubuhi peke yake: 9,200!

Zuleha amelia kwenye simu. Baba yangu, baba yangu. Anasema nina moyo wa kijana. Nalala saa mbili usiku, naamka saa kumi alfajiri, mapigo hamsini na nane. Ameweka takwimu zangu kwenye grupu la familia. Shangazi wa Turiani ameandika mashallah mara saba. Dadi, ambaye ananiona kutwa kwenye kiti hiki, ameitazama simu, akalitazama tumbo langu, akairudia simu.

Eufrazia akauliza gauni. Nikafungua mdomo nimweleze kwamba naanza leo. Mdomo ukasema njoo kesho. Wallahi, ulijisemea wenyewe.

Jumatano, 18 Juni

Jana hatua 22,140. Zuleha anasema wenzake kazini wameanza kuniita Mzee Mlima. Kisha akasema jambo: kwa moyo huu, atazungumza na daktari kama vidonge vyangu vya presha vinaweza kupunguzwa viwe nusu.

Nimeshangilia. Kisha nikaacha. Moyo unaosifiwa ni wa Eufrazia. Presha ni yangu. Nimemwambia asiwe na haraka, daktari ni mtu wa shughuli nyingi. Nimemeza kidonge kizima mbele ya kioo, nikijitazama.

Gauni nimelikata. Mikono haijaungwa. Imeingia kazi ya suruali za bwana harusi, haraka haraka. Eufrazia alipokuja nikamwambia kesho, na safari hii kesho ya kweli. Alinitazama muda mrefu, akajitwisha tenga lake tupu, akaondoka na pete.

Alhamisi, 19 Juni

Eufrazia hajaja.

Labda mvua huko juu. Hapa jua linawaka.

Ijumaa, 20 Juni

Saa tatu asubuhi amekuja Kasiani, kaka yake Eufrazia, muuza ndizi. Amenisalimu vizuri, shikamoo fundi, na mgongo ameinamisha. Nikamuuliza pete yangu. Akasema ametumwa maneno machache: pete itashuka siku gauni litakapopanda. Nikamuomba angalau akaichukue jioni aniletee. Akasema kwa hilo pia ana ujumbe. Dada anasema, njoo kesho.

Na akacheka! Na Dadi, nyuma ya cherehani yake, akacheka!

Zuleha amepiga mara tano. Pete iko kimya siku ya pili, haisomi moyo, haisomi kitu. Baba, unapumua? Nikasema napumua. Akasema sauti yangu haimtoshi, hata siku ile ya mama yake aliambiwa kwenye simu kwamba mgonjwa anaendelea vizuri, na alipofika tulikuwa tumeshatoka Kola. Ni mimi niliyemwambia hivyo. Sikuwa na nguvu ya kusema lingine. Leo pia sikuwa nayo. Anakuja kesho na treni ya mwendokasi, saa nane mchana atakuwa dukani.

Nikazirudisha suruali za bwana harusi kwenye mfuko. Bwana harusi atasubiri. Nimelishona gauni toka saa nne mpaka adhana ya magharibi, nimetoka mara mbili tu, kuswali Ijumaa na kwenda Kola. Mikono ya puto, lasi kifuani, mkanda wa nyuma. Vifungo nimevitoa kwenye kopo la Mwanvita, vile vidogo vya lulu alivyokataa nisiviuze. Ni gauni zuri kuliko yote niliyoshona mwaka huu.

Jumamosi, 21 Juni

Nimepanda Choma. Mimi!

Bodaboda ilinifikisha mwisho wa barabara nzuri, dereva akanionyesha njia kwa kidevu. Nikavua kobazi, nikashika gauni mkononi lisikunjike, nikaanza. Nikasema hatua hizi nitazihesabu mwenyewe kwa mdomo, Zuleha azipate zote. Nilifika mia nne na kumi, akatokea kijana na kuni: shikamoo mzee. Marahaba. Nikasahau. Nikaanza upya. Nilifika mia mbili, wakatokea akina mama watatu, mmoja mmoja. Mlima ule una watu wenye adabu sana. Mpaka napata nyumba ya Eufrazia nilikuwa nimeanza moja mara kumi na tisa.

Magdalena akalivaa hapo hapo, juu ya nguo zake. Akazunguka. Akazunguka tena. Alikuwa anavigusa tu vile vifungo. Eufrazia akanivua lawama zote kwa sahani ya ugali na maharage, kisha sahani ya pili. Nilikaa kwenye kigoda nikautazama mji wote chini, na upande wa Kola nikauona. Nikamsalimu Mwanvita nikiwa huko juu. Miguu inauma, kifua kimefunguka. Sijajisikia vizuri hivi toka azikwe.

Pete nikarudishiwa. Nikaivaa nianze kushuka, hatua zote za kushuka ziwe zangu kwa haki. Haina chaji. Imezimika toka Alhamisi!

Dukani nimefika saa tisa. Zuleha amekaa kwenye kiti changu, macho mekundu. Dadi anammiminia chai, futi shingoni. Alikuwa ameshasema kila kitu, kuanzia kidole cha mguu.

Jumapili, 22 Juni

Kikao. Zuleha, mimi, na Dadi ambaye ni mjomba mtu, na kwetu Waluguru mtoto hana kikao bila mjomba. Nikakiri. Zuleha hakupiga kelele, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Akasema hatua hazimuumi. Kinachomuuma ni kwamba jana asubuhi, kabla ya kupanda treni, alikuwa na karatasi ya daktari mkononi ya kunipunguzia dawa. Ningekunywa nusu kidonge kwa moyo wa mtu mwingine, na yeye nesi ndiye angekuwa ameniua. Akalia. Mimi pia nikalia. Hata Dadi akaitazama bobini ya cherehani yake.

Nikasema, mwanangu, ila jana nimepanda Choma kwa miguu yangu. Dadi akacheka mpaka akakohoa. Akasema hiyo ni ya kwenda kuwaeleza wasionijua. Zuleha akaanza kukunja mashuka yangu. Ghorofa ya tatu niliiona kabisa.

Hapo ndipo alipotokea Eufrazia, ametoka misani, na Magdalena ndani ya gauni. Walipita kuonyesha vifungo. Zuleha akasimama akavitazama, akavijua. Akauliza mzee huyu alifikaje kwao. Eufrazia akasema kwa miguu, dada, tulimsikia anahema kabla hatujamwona, na alikula sahani mbili.

Zuleha akanipima presha. Akarudia. Akasema ni ya kuridhisha kuliko ya mwezi wa nne, na asinione nacheka.

Hukumu: nabaki Morogoro. Kidonge kizima. Na kila Jumamosi napanda Choma mwenyewe, pete kidoleni mwangu, na mjomba ananisindikiza kama shahidi. Mjomba naye ataletewa pete yake. Dadi akasema ana goti. Zuleha akasema dawa ya goti ni kutembea.

Nimemsindikiza stesheni. Aliniegemea bega kama alipokuwa mdogo. Nimemwahidi kutoka moyoni kwamba sitamdanganya tena.

Ijumaa, 27 Juni

Pete ya Dadi imefika na basi. Nimelifungua mimi boksi. Nilidhani ni langu.

Kesho ni Jumamosi. Magoti yangu yameanza kulalamika toka jana, yanajua. Jioni Dadi akavuka kibaraza, kitu ambacho hajafanya kwa amani miaka sita, akakaa, akavuta pumzi. Akasema Eufrazia hatakubali tena. Nikasema najua. Tukanywa kahawa. Akasema lakini Kasiani naye anapanda na kushuka kila siku na mikungu ya ndizi. Nikasema ana vidole kumi. Dadi akasema viwili tu vinatosha. Nilikuwa sijui kwamba shemeji yangu ana akili.

Tukamwita. Akazivaa zote mbili, akauliza tu kama majini yake ni ya dini moja, yasije yakagombana njiani. Hataki hela. Anataka suruali ya kitambaa, ya kuvaa Jumapili. Nimempima kiuno, Dadi amempima mguu.

Akauliza ataipata lini. Nimemwambia aje kesho.