Mlango Unasema Dalmas Yuko Ndani

Jumatatu, 14 Januari 2008

Barua kutoka kwa Madam Risper, meneja wetu. Yeye mwenyewe hajaonekana ofisini tangu mwaka uanze, lakini barua zake hazijui fujo. Anasema biashara imelala tangu uchaguzi, kwa hivyo tutapunguzwa. Watakaobaki ni wale wanaofika kazini. Simu za "nimekwama huku" hazikubaliwi tena. Mlango ndio utakaosema nani alikuja.

Mlango wetu! Kisanduku cheusi ukutani. Unakigusa na kadi yako nyeupe, kinalia tii, taa ya kijani, unaingia. Kutoka, vivyo hivyo. Kompyuta inaandika jina na saa. Chini ya barua ameongeza kwamba kadi ni kama mswaki, haiazimwi. Madam hakulelewa katika nyumba ya watoto tisa.

Habari njema: nafasi ya msimamizi wa stoo iko wazi. Nimepika chai hapa miaka kumi na mmoja. Stoo inaniita.

Jumanne, 15 Januari

Dalmas, tarishi wetu, ameshinda ameshika kichwa. Anakaa Kianda, ndani ya Kibera. Kesho maandamano yanaanza, siku tatu, na kule Olympic, njia yake ya kuja kazini, hakutapitika kwa mawe na polisi. Ana watoto wanne. Jina lake likikosa kwenye kompyuta siku tatu, amekwisha.

Nikamwambia anipe kadi yake. Mimi natoka Kabiro, upande mwingine wa mji, nitajaribu kufika kila siku. Nitagusa yangu, nitagusa yake, tutakuwa wawili kazini kwa miguu miwili. Akasita. Akasema mipango yangu anaijua, hata ile ya kufuga sungura juu ya dari ya ofisi anaikumbuka. Nikamwambia wale sungura walikuwa na tabia zao.

Akanipa.

Nyumbani Mutanu, mke wangu, ameigeuzageuza ile kadi. Akauliza, "Baba Kyalo, hicho kisanduku kinamjua Dalmas ama kinajua plastiki?" Nikamjibu, plastiki. Akasema basi hata mbuzi anaweza kuwa Dalmas. Nikamwambia hiyo ndiyo sayansi.

Jumatano, 16 Januari

Nimefika! Kwa vichochoro, moshi wa matairi mkono wa kushoto, kuku wa watu mkono wa kulia. Mikono ilijaa, maziwa huku, mkate huku, kwa hivyo nikaegemeza mfuko wa nyuma wa suruali kwenye kisanduku, kadi zote mbili zikiwa ndani. Kimya. Nikasukuma zaidi. Kimya. Shivachi, askari wa mlangoni, akazima redio yake ndogo ili anitazame vizuri. Akauliza, "Mzee wa Majani ya Chai, huo ukuta umekukosea nini, mbona unaukalia?"

Nimegundua: kadi mbili zikikaa pamoja zinasema kwa pamoja, na kisanduku hakisikii hata moja. Kama wake wenza mbele ya chifu. Nikazitenganisha. Shivachi aliporudia redio yake, nikagusa yangu, nikazuia mlango kwa mguu, nikagusa ya Dalmas. Tii! Jioni nikagusa yangu, nikatoka. Kazi safi. Ofisi nzima tulikuwa watu watano. Sita, kulingana na mlango.

Alhamisi, 17 Januari

Balaa. Yangu kijani. Ya Dalmas NYEKUNDU. Nikaipangusa kwa shati. Nyekundu. Nikaipulizia pumzi moto. Nyekundu, na Shivachi akakohoa. Nikakimbilia jikoni.

Saa sita Dalmas akapiga simu. Gesi ya machozi imeingia mpaka ndani, watoto wako chini ya kitanda, na yeye anaongea akiwa amelala sakafuni. Akauliza, "Kavoi, nimeingia kazini?"

Nikasema umeingia, ndugu yangu, tena mapema.

Muthokoi wa leo, mahindi na maharage ya Mutanu, nimeurudisha nyumbani kama ulivyo.

Ijumaa, 18 Januari

Nyekundu tena. Nimemuua Dalmas kwa kadi. Mutanu anasema niende nimwambie Madam ukweli. Wanawake hawana subira ya mipango.

Jumatatu, 21 Januari



Kibera kumetulia. Nimekutana na Dalmas kando ya Ngong Road asubuhi, nikamrudishia kadi yake. Nilikusudia kumwambia. Alikuwa amenibebea omena, wale dagaa wa ziwani, nikashindwa.

Mlangoni, nani amesimama? Madam Risper. Amerudi! Dalmas akagusa kadi mbele yake. Nyekundu. Shivachi akatazama kompyuta, akatangaza kwamba Dalmas hawezi kuingia kwa sababu Dalmas yuko ndani. Dalmas akasema, "Wee Shivachi, mimi si huyu hapa nje, unaniona!" Shivachi akajibu kwamba yeye anamwona, ila kompyuta haimwoni.

Madam akasoma mwenyewe. Dalmas aliingia Jumatano saa mbili. Hajatoka. Siku tano mchana na usiku! Hapo ndipo nilipoelewa: Jumatano jioni nilijitoa mwenyewe, yeye nikamwacha ndani. Kisanduku hakikubali mtu aliye ndani aingie tena. Kina akili kuliko mimi, na kimewekwa kwa misumari minne tu.

Madam akasema kadi imeibwa, kuna mwizi ndani. Tukapekua vyoo. Tukapekua stoo. Kisha akamgeukia Dalmas kuuliza kadi alimpa nani. Dalmas akainamia viatu vyake. Hakunitazama hata kidogo, na hilo ndilo lililonichoma.

Mdomo ukafunguka wenyewe. Nikasema, Madam, hakuna mwizi. Dalmas amelala hapa siku zote tano akilinda mali ya ofisi. Leo asubuhi mlango ulipofunguliwa, akatoka kunawa uso bila kugusa kadi.

Madam akamuuliza Shivachi kama ni kweli. Shivachi angekiri vipi kwamba siku hizo alikuwa anatazama redio, si mlango? Akasimama wima. "Nilimwona, Madam! Kila siku!"

Madam akatoa kitambaa, akajifuta macho. Tumepona!

Jumanne, 22 Januari

Dalmas ndiye msimamizi mpya wa stoo. Kwa uaminifu.

Mimi nimeulizwa mbele ya wote mbona kompyuta inaonyesha nilikuwa natoka saa kumi kamili, kila siku, nikimwacha mwenzangu peke yake. Chai ya Dalmas iwe na tangawizi, ameagiza Madam.

Dalmas alinifuata jikoni, akanishika mkono kwa mikono yote miwili. Kisha akaomba tangawizi isizidi.

Ijumaa, 25 Januari

Kama mtu anapandishwa cheo kwa kutogusa kadi, mimi nimezuiwa na nani? Jioni Dalmas alipogusa yake, nikapenya nyuma ya mgongo wake. Kompyuta inajua niko ndani hadi Jumatatu. Nimeshatayarisha maneno ya kukataa sifa, halafu kuzikubali.

Jumatatu, 28 Januari

Taa nyekundu, nzuri kama nyanya! Madam akaitwa, akasoma: Kavoi, ndani siku tatu. Shivachi, kabla hajaulizwa, akasema aliniona. Madam akanishika bega. Akasema hakujua nina moyo kama wa Dalmas.

Kwa hivyo, ameamuru, kuanzia leo nitalala stoo kila usiku hadi nchi itulie. Godoro limeshaletwa. Cheo hakuna, kwa sababu msimamizi tayari yupo. Msimamizi alikuwa anacheka mpaka akashika rafu.

Jumanne, 29 Januari

Usiku mmoja stoo, kichwa kwenye katoni za bahasha, umetosha. Mutanu ameniletea ujumbe kwamba akikaa peke yake wiki nzima atazoea.

Mpango upo. Kadi yangu ibaki ndani na mtu, aiguse usiku kutoka na kuingia kama vile ni mimi ninayezunguka kulinda, mimi nipenye nyuma ya wenzangu jioni nikalale kwangu. Dalmas amekataa. Anasema kadi ni kama mswaki. Cheo kimemharibu.

Lakini Shivachi amekubali! Nilimdharau bure huyu mtu. Hataki hata shilingi. Ameomba tu nimwandikie kwa mkono wangu kwamba kadi ni yangu, nimempa kwa hiari, na yeye hahusiki na lolote. Mtu makini sana. Nimesaini nakala mbili.