Mitetea Sita wa Baba Mkwe na Mayai Yasiyo na Ganda

Shuleni, nje kidogo ya Bungoma,
14 Septemba 1944.

Kwa Mheshimiwa Baba Mkwe, Mzee Khaemba,
Shambani, njia iendayo Kwanza, Kitale.

Baba,

Nakusalimu kwa heshima yote anayostahili mtu aliyenipa mke, na kwa masikitiko yote anayostahili mtu aliyenipa kuku. Huku sisi ni wazima, ukiondoa mayai. Mvua imekuwa nzuri, mahindi yamebeba, na mimi ningali mwalimu wa shule hii, jambo ninalolitaja mapema ili ujue kwamba haya unayoyasoma yamefikiriwa na mtu mwenye cheti.

Utakumbuka kwamba mwezi wa Aprili, mimi na binti yako Rispah tulipokuja kuwatembelea, ulitufungia mitetea sita, nami nikawaning'iniza kwenye usukani wa baiskeli hadi Bungoma. Njia nzima nilikuwa nakusifu, wao wakilia. Leo sina budi kuziondoa sifa zile kwa utaratibu, kama ifuatavyo.

1. Mitetea hao wanataga mayai yasiyo na ganda. Yana ngozi tu, nyembamba kama ya kitunguu. Ukilishika yai linabonyea, ukiliweka mezani linalala. Jumapili ya sadaka ya mavuno nilichagua matatu yaliyoonekana kujikaza kidogo, nikayatia katika mfuko wa koti langu la kanisani, kwa kuwa nilidhani kubeba kikapu hakumfai mwalimu. Mchungaji alifurahi kuniona, akanikumbatia. Baba, sadaka ile niliitoa hapo hapo mlangoni. Ilipita kwenye bitana, ikapita kwenye suruali, ikaingia kiatuni, na tulikuwa bado hatujaanza kuimba. Mke wa mchungaji aliniuliza mbona uso umenibadilika, nikamjibu kwamba nimeguswa na neno.

2. Kuku wako wanakula shule. Ukuta wa mbele tuliupaka chokaa nyeupe tukimngojea mkaguzi. Wameidonoa kuanzia chini hadi shingo ya kuku inapofika, hata ukuta sasa umevaa kaptura ya udongo. Mkaguzi alipofika aliuliza ni nini hiki, nikasema ni unyevu. Akatazama juu, mwezi ule hapakuwa na wingu hata moja, akaandika kitu katika daftari lake.

Tena, kila nilipofuta ubao, mitetea walikuja mbio kutoka pembe zote kugombania vumbi linaloanguka. Mwanzoni nilidhani wanapenda elimu, nikawasifu mbele ya darasa. Lakini siku moja, nikiwa katikati ya kugawanya sehemu kwa sehemu, yule mwenye madoadoa alinyakua kipande cha chaki mkononi mwangu, akakimeza, akanitazama. Hapo nikatambua kwamba si mapenzi, ni dharau. Na kwa kuwa dharau haiokotwi njiani, lazima walitoka nayo kwako.

3. Kwa sababu hiyo nilijenga kibanda cha mabati na waya, nikawafungia humo tangu Juni. Hawatoki. Wanapewa mahindi meupe safi, mahindi matupu, asubuhi na jioni, chakula ambacho watu wengine wanakililia mwaka huu. Ua wangu unafagiliwa kila siku, hutapata jiwe, mfupa wala jani. Nadhani hakuna kuku katika lokesheni yote anayeishi kwa usafi kama huu. Hata hivyo, tangu niwafungie, mayai yamezidi kuwa laini. Ni nini hiki, Baba, kama si ukaidi?

Usidhani sikujaribu kuwasaidia. Nilisoma mahali kwamba kuku akishtuka hutaga kabla ya wakati, nikawashuku filimbi za gari la moshi, na juma zima nikawa nasimama mlangoni pa kibanda nikiwaimbia kwa sauti ya chini kila gari lipitapo. Walitaga mayai laini, lakini kwa utulivu. Nilisikia pia kwamba joto huleta tatizo hilo, nikawamwagia maji. Mmoja akashikwa na mafua. Jirani yangu Kimaiyo, mtu wa mlimani ambaye kuku wake wanalala juu ya mti na kuokota jalalani kama wasio na mwenyewe, alipita akacheka, akasema ati niwafungulie tu, bana, kuku si mfungwa, waache watafute mifupa na mchanga. Nilimshukuru kwa adabu. Kimaiyo aliacha shule darasa la pili. Ni kweli mayai yake yanagonga kama kokoto, lakini mimi nashuku ni bahati.

4. Sasa nafika kwenye jambo zito, nalo ni wizi. Unajua kwamba vita vimetukosesha mengi, na chaki ni mojawapo. Tangu mwaka jana tumeambiwa tungoje. Mwalimu mwingine angekaa akangoja, mimi nilibuni. Nakusanya maganda ya mayai, nayakausha, nayatwanga, nayachanganya na unga wa muhogo uliopikwa, nafinyanga vijiti, naanika. Baba, yanaandika! Yanakwaruza kidogo na kunuka kidogo, lakini yanaandika. Nimetoa amri kwamba hakuna ganda hata moja litakalotupwa au kuchezewa hapa nyumbani. Yote huja kwangu, na wanafunzi huleta ya kwao kwa vikapu. Mkaguzi alipoona chaki zangu alisahau ule ukuta, akaniita mtu wa maendeleo, na usiku ule sikulala vizuri kwa furaha.

Je, kuku wako walifurahi pamoja nami? Kikapu cha maganda kikipita karibu na kibanda wanajirusha kwenye waya kama watu wanaogombea posho. Mara mbili wamekipindua. Ndipo nikaunganisha mambo yote. Wanakula ukuta wa shule, wanakula vumbi la ubao, wanawinda maganda ambayo ni mali ya elimu, na wao wenyewe wanakataa kutaga ganda lolote la kusaidia. Kuku sita hawawezi kupatana hivyo bila shauri. Hii ni njama dhidi ya kusoma na kuandika, na imeanzia katika banda lako.

5. Rispah ameondoka. Leo ni siku ya kumi na moja, na bila shaka unamwona hapo unaposoma. Alifunga nguo zake katika leso asubuhi, akawawekea kuku maji ya kunywa, akaenda zake stesheni bila kuniaga. Sababu siijui. Ninachojua ni kwamba kabla ya kuku hawa tulikaa miaka saba bila neno. Kwa hiyo, kwa hesabu ya kawaida, ukiondoa miaka saba ya amani kutoka katika miezi mitano ya kuku, wa kulaumiwa ni aliyetoa kuku.

Kwa hayo yote naomba yafuatayo. Uwachukue mitetea wako. Unipe wengine sita, wenye maganda, na wasio na chuki na shule. Umrudishe Rispah kwa gari hilo hilo litakalowaleta, kwa kuwa chanzo cha ugomvi kitakuwa kimeondolewa. Ikishindikana, nitaomba wazee wa pande zote mbili wakae, na mayai yaletwe mbele yao kama ushahidi, ingawa sijui yatasafirishwa vipi. Nisiporidhika nitamwandikia chifu, kisha Bwana D.C., kisha Gavana. Mfalme sitamwandikia kwa sasa kwa sababu najua ana vita.

Nisalimie mashemeji wote, wadogo kwa wakubwa, na ng'ombe wenu yule mwekundu aliyekuwa mgonjwa. Mama mkwe namtumia heshima zangu kutoka mbali, kama desturi inavyotaka, nikiwa nimegeuza uso hata ninapoandika. Majirani wote wa hapo wakiuliza habari zangu, waambie ni njema.

Ni mimi mkweo mtiifu mwenye kudhulumiwa,

Festus Wabwile,
Mwalimu Mkuu (na wa pekee).

NYONGEZA. Baba, barua hii imekaa mezani siku kumi nikingoja mtu wa kuja huko, na katika siku hizo mambo yameharibika.

Jumatatu nilisahau kufunga kibanda. Wa kufunga alikuwa Rispah, mimi hufuta ubao. Mitetea waliingia darasani wakati tukiwa nje kwenye mazoezi ya viungo, wakala sanduku zima la chaki, vijiti thelathini na vinne, kazi yangu ya miezi miwili. Nilitaka kuwachinja wote. Sikuwachinja kwa sababu sijui kunyonyoa. Alhamisi nilikuta mayai matatu. Niliyaokota kwa vidole viwili kama kawaida yangu, nayo hayakubonyea. Nililigonga moja kwenye ukingo wa meza, likakataa, nikaligonga tena.

Nilikaa chini, Baba, yai mkononi. Kuku wametengeneza maganda kwa chaki ambazo mimi nilizitengeneza kwa maganda. Tangu Juni nimekuwa nikiyakusanya maganda yao nikiyaandikia ubaoni, kisha nikawafungia mbali na chokaa, mchanga na mifupa, kisha nikawashtaki kwa baba yao kwamba hawana maganda. Nyani haoni kundule, na huyu nyani ana cheti. Hayo yote niliyoandika hapo juu, kuanzia la kwanza hadi la nne, nayafuta. Kuku wako ni wazuri na walilelewa vizuri. Nimewafungulia. Sasa hivi wako kwenye majivu ya jiko na wanafurahi. Maganda nayakaanga kidogo, nayaponda, nawachanganyia na pumba na mboga zilizochakaa. Chaki zimekwisha, na wanafunzi wanaandika mchangani kwa vidole.

Hilo la tano pia si kweli. Niliposema sababu siijui nilikuwa nadanganya.

Haya ya kukaanga maganda sikuyabuni mimi. Rispah ndiye aliyekuwa akifanya hivyo Aprili na Mei, na Aprili na Mei mayai yalikuwa mazima, ila mimi sikuyatazama kwa sababu mayai mazima hayana habari. Mwezi wa Juni nilimnyang'anya sahani ya maganda mkononi. Akanieleza mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kwa upole, kwamba kuku anarudishiwa ganda lake ndipo apate la kukupa, kwamba mama yake alimwonyesha hivyo. Mara ya mwisho alinieleza mbele ya wageni, Kimaiyo akiwepo. Nikaona haya kufundishwa mbele za watu. Nikamwambia kwamba katika nyumba ya mwalimu maoni hupokewa kwa maandishi.

Watu walicheka. Yeye akakusanya vikombe vya wageni. Kesho yake akafunga leso.

Nimefundisha watu mia na zaidi kusoma katika kata hii, vijana kwa wazee, hata yule kipofu wa jicho moja anayeuza tumbaku. Rispah si mmojawapo. Miaka saba amenishikia taa nikisahihisha madaftari ya watu, na hata siku moja sikumwambia, kaa hapa, hii ni A. Wala hakuniomba, na mimi nikaona kwamba asiyeomba hahitaji.

Basi ndiyo sababu hasa barua hii imekuja kwako, Baba, si kwake. Nilianza ya kwake mara tatu, na mara tatu nikakumbuka kwamba hawezi kuisoma, na kwamba kosa hilo ni langu. Nakuomba uichome yote iliyo juu, umsomee haya tu: Rispah, ulisema kweli, na mimi nilikuaibisha. Nyumba hii imekuwa baridi. Rudi, tuanze na jina lako.

Jibu lake usimwandikie. Ijumaa nafunga shule mapema, Jumamosi nitakuwa kwenye lango lako na baiskeli, nikiwa nimegeuza uso ili Mama apite. Asiseme na wewe. Aseme na mimi, kwa mdomo wake, na hata akisema hapana nitasimama pale mpaka amalize.