Kivuli Kirudi Nyumbani

Jumatatu, 3 Februari

Nimeshamjua anayenivunjia nyumba. Mwarobaini wangu!

Mti uko kwangu. Nimeupanda mimi, nimeumwagilia mimi, mizizi yake imepasua karo langu la maji machafu. Lakini ikifika alasiri, kivuli chote kinaruka ukuta na kujilaza kwa jirani, fundi cherehani. Mama yule hutoa cherehani yake nje, na mke wangu hubeba kigoda kumfuata. Wanaongea mpaka jua lizame. Wanacheka! Mimi nabaki sebuleni na redio, nikisikiliza vicheko ambavyo mimi sijawahi kumtoa.

Kabla sijastaafu sikuyajua haya. Nilikuwa stoo, natunza vifaa vya watu. Sasa nashinda nyumbani, na mke wangu hayupo. Mimi ni mpweke, basi. Nimeandika.

Jumanne, 4 Februari

Mpango umepatikana. Stoo tulikuwa na sheria: kilichotoka bila kibali hurudishwa. Nikipogoa matawi yote ya upande wa fundi, yatabaki ya upande wangu tu. Kivuli kitakwenda wapi? Kitarudi nyumbani. Na mke wangu na kigoda chake watakifuata.

Sijamwambia. Nimesema tu mti upogolewe, kwa afya yake. Akanishauri nimwite mtu anayeijua kazi hiyo. Anayeijua! Kwani kukata tawi kuna cheti?

Nimeazima ngazi. Kwa nani? Kwa fundi. Hana habari, maskini. Amenipa na kofia, nisiungue na jua.

Alhamisi, 6 Februari

Kazi imekwisha. Nami nimekwisha.

Tawi la kwanza nililikata kwa juu, moja kwa moja. Likakatika nusu, likaning'inia, likachuna gome mpaka shinani. Kumbe huanzwa kwa chini. La pili likaangukia kamba ya fundi, juu ya nguo za wateja. Hakukasirika. Alizikusanya, akazifua upya, akauliza kama nimeumia. Mtu wa namna hiyo utamfanya nini?

La tatu liliondoka na mimi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu; langu limeteguka tu. Mke wangu alinikanda kwa maji ya moto, taratibu, bila neno la lawama. Muda wote huo alikuwa wangu peke yangu. Nikafikiria kuutegua na wa pili.

Ijumaa, 7 Februari

Alasiri nilipanga viti viwili uani kwangu, nikakisubiri kivuli. Hakikuja. Jua linatua nyuma ya nyumba yangu, kwa hiyo vivuli vyote vinakwenda kwa fundi. Cha ukuta. Cha ngazi. Hata changu mwenyewe! Nilisimama, nikaona kivuli cha kichwa changu kikiparamia ukuta kwenda kumsalimia. Uzee wote huu naishi na jua, sijawahi kuangalia linakoelekea.

Na asubuhi lilikuwa limeshanipiga usoni kitandani. Kumbe siku zote mti ulikuwa unanikinga dirishani, nami nimelala fofofo. Asubuhi kwangu, alasiri kwa fundi. Mti umegawa kwa haki kuliko nilivyowahi kugawa sabuni stoo. Nilikaa na wazo hilo muda mrefu. Limeniuma kuliko mguu.

Jumapili, 9 Februari

Fundi amehamishia cherehani barazani, mbele ya nyumba yake. Mke wangu naye amehamia huko. Sasa hata vicheko sivisikii. Nilizima redio nisikie vizuri. Kimya. Nimejitakia.

Aliporudi alinikuta mguu juu ya stuli, macho kwenye mti. Akakaa. Akauliza nilikuwa nataka nini hasa. Huwezi kumdanganya mtu anayejua hata unavyokohoa ukitaka kudanganya. Nikamwambia yote: kivuli, kigoda, vicheko. Nilidhani atacheka.

Akasema, "Mume wangu, si ungesema tu, leo kaa na mimi? Ningekaa."

Leo kaa na mimi. Maneno manne, wala hayahitaji ngazi! Tukakaa mpaka giza likaingia. Akanisimulia habari za mteja anayeleta suruali ileile kupanuliwa kila mara, akidai kitambaa ndicho kinachopungua. Nilicheka mpaka mguu ukauma. Nilikuwa na furaha, sifichi. Nimeelewa. Kuanzia sasa, nikimtaka mke wangu, nitasema.

Jumatatu, 10 Februari

Alasiri mke wangu alichukua kigoda. Akafika mlangoni, akasimama. Akaniangalia. Akauliza kama nina la kusema kabla hajatoka.

Maneno yote manne yalikuwa yamefika hapa, kooni.

Nikamwambia asisahau kufunga geti.

Akaenda. Geti alilifunga.

Nimechechemea hadi barabarani kuchungulia baraza la fundi. Kuna mzambarau pale mbele. Tawi moja tu ndilo linalowatilia kivuli, na kwa kweli linahitaji kupogolewa, kwa afya yake. Kesho nitajitolea, ujirani mwema. Ngazi yake bado iko kwangu, na msumeno nimeshaupeleka kunolewa.

Mtu hujifunza kutokana na makosa. Safari hii nitaanza kukata kwa chini.