Joho la Kapteni Kimbunga

Ijumaa, 12 Januari

Mvua tangu alfajiri. Aleksandria yote imelowa, na mimi pia. Baada ya sala ya Ijumaa, mkutano wa chama mkahawani, nyuma ya kituo cha Raml. Wanachama wanane. Wote tuna mvi au hatuna nywele kabisa, na wote tunakusanya sanamu za mashujaa. Mke wangu Nagat anaziita midoli. Namwombea.

Habari kubwa! Mhakiki mkuu wetu, Ustadh Wagih, anahamia Kuwait kwa binti yake. Kiti kitabaki wazi. Mhakiki mkuu ndiye anayeandika uhakiki wa kila sanamu katika kundi letu la simu, na ndiye anayekaa meza ya mbele siku ya maonyesho, na kadi shingoni. Kadi shingoni! Miaka ishirini na sita napiga pasi nguo za watu hapa Moharram Bek, na shingoni sijawahi kuvaa kitu ila taulo la jasho.

Wagombea wawili. Mimi, na Daktari Rifaat, daktari wa meno mstaafu. Mtu mwema sana huyu Rifaat. Ukisahau, mwenyewe hukukumbusha. Ana kisanduku cha taa cha kupigia picha, ana rula ya chuma, na uhakiki wake husomeka kama cheti cha kung'oa gego.

Mwenyekiti wetu, Haji Sobhi, akatangaza mtihani. Kila mmoja wetu atakaa siku chache na sanamu ya Haji mwenyewe, ile ya thamani kuliko zote: Kapteni Kimbunga wa mwaka 1987. Ijumaa ijayo tusome uhakiki wetu, watu wapige kura. Sharti ni moja. Boksi halijafunguliwa tangu litoke kiwandani, na halitafunguliwa. Kwetu sisi boksi likishafunguliwa limekufa. Wanachama wakisikia habari hiyo husema Mungu amrehemu.

Nikauliza, kwa adabu, mtu atahakiki vipi kitu asichokigusa. Haji akajibu, atahakiki kwa macho, Fundi Shawki, Mungu kakupa mawili. Mkahawa mzima ukacheka. Rifaat akacheka kupita sehemu yake.

Jumapili, 14 Januari

Zamu ya kwanza ni ya Rifaat. Asubuhi kaja dukani na mashati sita. Hayakuwa yamekunjamana hata kidogo. Alikuja nimwone tu. Akasema Kapteni ananisalimu. Akasema ameshapima boksi pande tano, kurasa nne zimejaa, na upande wa chini bado. Nikamwambia mashallah, daktari, usije ukachoka. Akasema yeye na kuchoka ni mbali.

Alipoondoka nikatia wanga kwenye kola zake mara tatu ya kawaida. Zinaweza kukata mkate.

Adhuhuri nikajuta. Nikaswali rakaa mbili za toba. Kola nimeziacha vilevile. Toba ni ya moyo, na wanga ulikuwa umeshakauka.

Jumatatu, 15 Januari

Kapteni yuko kwangu! Rifaat kamleta mchana, amemfunga kwenye blanketi kama mtoto mchanga, akaniambia nisimpumulie.

Nimemweka juu ya kabati la nguo za wateja. Boksi jekundu, dirisha la plastiki mbele, na yeye nyuma yake, mikono kiunoni, kifua mbele, joho la bluu limeshuka hadi visigino. Miaka thelathini na saba amesimama bila kuketi. Mimi nikisimama saa nne kwenye meza ya pasi namwomba Mungu wangu.

Baadaye Haji Sobhi akapiga simu. Sauti yake ilikuwa ndogo. Akasema kuna jambo hakulisema mkahawani. Kapteni alitengenezwa hapa hapa mjini, katika kiwanda kilichofungwa zamani, na aliyembandikia utepe wa juu ni Mahrus, ndugu yake, aliyekuwa kibarua pale. Mahrus alimletea boksi akamwambia afungue. Haji, aliyekuwa tayari mkusanyaji, akakataa. Mahrus akafa mwaka uleule. Kwa hiyo utepe ule, akasema, ni alama ya kidole cha marehemu. Nimtunzie.

Nikamwahidi. Nikalia kidogo. Halafu nikaanza uhakiki wangu: "Kadibodi ni nzuri. Nyekundu." Nikakaa nusu saa. Hakuna kilichoongezeka.

Jumanne, 16 Januari

Usingizi wa mchana umenikataa. Nawaza viungo tu. Bega linazunguka au limegandishwa? Goti linakunja? Mhakiki asiyejua goti ni mpiga ramli.

Nikaenda kwa Sheikh Bayumi, imamu wetu. Nikamuuliza swali la jumla kabisa, lisilohusu mtu yeyote: mtu amepewa amana, akiitazama kwa ndani bila kuchukua kitu, je? Sheikh akaniangalia muda mrefu. Akasema, Shawki, umeweka nini cha watu? Nikasema ni swali la jumla. Akasema amana ni amana, rudisha kama ulivyopokea.

Kama ulivyopokea! Nimelizingatia sana neno hilo njia nzima ya kurudi. Hakusema usifungue. Alisema rudisha kama ulivyopokea. Sasa, mimi ni fundi wa pasi. Mvuke ndio kazi yangu. Utepe wowote wa gundi ukipewa mvuke polepole, unaachia bila kuchanika, na ukipoa unashika tena. Hata alama ya kidole haiondoki. Sheikh Bayumi ni mtu mwenye elimu kubwa.

Nagat alikuwa sokoni. Nikafunga mlango wa duka, nikasema bismillahi, nikapitisha pasi juu ya utepe kwa umbali wa vidole viwili. Ukaachia kama ganda la yai lililoiva vizuri.

Ewe daftari! Yale mabega! Yanazunguka mzima mzima. Kiuno kinageuka. Shingo inaangalia juu, ambayo kwa sanamu za wakati ule ni muujiza. Na magoti! Kila goti linakunja mara mbili, na likikunja linasema tik. Nimelikunja mara kumi na tisa. Nikamkalisha juu ya kikombe cha wanga. Ameketi! Baada ya miaka yote hiyo! Nilijihisi nimetoa sadaka.

Ndipo nilipomgeuza nikaona joho.

Kitambaa halisi, daftari, na limekunjamana vibaya sana. Mkunjo mmoja kutoka bega la kushoto hadi kwenye pindo, mwingine chini, umekatiza kwa upana. Mtu anayeokoa dunia! Mkononi nina pasi ya moto. Nifanye nini, niangalie pembeni? Nikatanguliza kitambaa chenye unyevu, moto mdogo, nikaanza nyuma, nikamalizia kwa mstari wa katikati, ule ninaowawekea mabwana harusi. Dakika mbili. Likawa kama limetoka mbinguni.

Nagat akaingia kwa mlango wa nyuma na mifuko ya mboga ya mulukhiya. Akasimama. Akasema, Baba Hanan, shuka za watu zimekaa tangu Jumamosi, wewe unampigia pasi mdoli. Nikasema si mdoli, ni sanamu ya mkusanyo. Akasema sawa, basi mwulize hiyo sanamu kama na fulana anayo, nimfulie.

Nimemrudisha Kapteni ndani, mikono kiunoni, kama alivyokuwa. Utepe umeshika. Hata mamake asingejua.

Jumatano, 17 Januari

Nimeandika kurasa kumi na moja! Bega, kiuno, shingo, goti, sura nzima kuhusu tik. Kazi bora kuliko zote nilizowahi kuandika tangu shule ya kati, ambayo ndiyo ya mwisho niliyosoma.

Halafu nikaisoma upya, nikaiweka kalamu chini. Nimejuaje haya yote?

Nimeandika tena. Sasa kila sentensi inaanza na "nakisia". Nakisia bega linazunguka mzima mzima. Nakisia goti linakunja mara mbili. Nakisia linasema tik. Nagat kasoma, akauliza kama nimepata wahyi.

Alhamisi, 18 Januari

Nimefunga saumu leo. Sunna, wala si kafara. Mtu akiuliza, ni sunna.

Rifaat kaja kuchukua mashati. Akavaa moja palepale atoke nalo. Shingo ikamkaa wima kama ya Kapteni. Akaniuliza kwa kona ya jicho kama nimefika upande wa chini wa boksi, maana yeye amekuta pale kasoro ya milimita mbili. Nikasema mimi sijishughulishi na kadibodi, daktari, mimi natazama roho. Hakuweza kugeuka kuniangalia vizuri. Nilifuturu kwa raha.

Ijumaa, 19 Januari

Niandike haraka kabla hasira haijapoa.

Mkahawa umejaa. Boksi nimelikabidhi kwa Haji mbele ya wote, likiwa limefungwa kwenye shuka safi. Rifaat akasoma kwanza. Kadibodi, dakika ishirini. Unene wake, wino wake, pembe zake nne moja baada ya moja. Mhandisi Galal, mwanachama mwenzetu, alisinzia, shisha mdomoni.

Nikasimama mimi. Nakisia hivi, nakisia vile. Watu wakaanza kusogeza viti. Nilipofika kwenye tik, Ustadh Wagih akasema Allah! kwa sauti kama anayesikiliza mwimbaji. Makofi! Nikaiona kadi shingoni mwangu, naapa nikauona na uzi wake.

Haji Sobhi akalifungua lile shuka, akaliinua boksi kuelekea dirishani ili watu wamwone Kapteni na maneno yangu yakiwa bado hewani. Jua lilikuwa limetoka kidogo. Akatazama. Akavaa miwani. Akatazama tena.

Akasema, jamani, hili joho limepigwa pasi.

Vichwa saba vikageuka. Havikuuliza nani. Katika mji wa watu mamilioni hakuna aliyejisumbua hata kuniuliza! Rifaat akageuka mwili mzima, kwa sababu ya kola, akasema kwa furaha ambayo daktari hapaswi kuwa nayo kwamba mstari ule wa katikati, unaochungulia kati ya miguu ya Kapteni, anaujua, anao kwenye suruali zake zote tatu.

Nikasema labda ni unyevu. Galal akasema unyevu gani huo, bwana, unaoweka mistari ya harusi. Mtu akasema Mungu amrehemu. Wengine wakaitikia.

Haji hakupiga kelele. Bora angepiga. Aliketi, akauweka mkono juu ya utepe, akabaki hivyo. Nikamwendea, nikamwambia ukweli wote, mvuke, sheikh, kila kitu. Nikamwambia utepe sijauchana, Haji, wallahi, kidole cha ndugu yako kipo palepale.

Akaniuliza polepole, kama mtu anayeogopa jibu: yale magoti, Shawki, ni kweli?

Nikasema kweli.

Akasema utepe Mahrus aliubandika kwenye boksi lile moja tu; kazi yake kiwandani ilikuwa kufunga magoti. Siku ile alimwambia, fungua Sobhi, usikie yanavyolia, hiyo tik nimeitafuta mwezi mzima. Naye akamjibu hafungui, bei yake itashuka.

Akaubandua utepe mwenyewe, kwa ukucha. Mkahawa mzima ukavuta pumzi. Akamtoa Kapteni, akamkunja goti la kulia karibu na sikio lake. Tik. Akakunja la kushoto. Tik. Akacheka na machozi yakimtoka, akamkalisha juu ya bakuli la sukari, akamwagiza mhudumu chai ya mnaanaa, na kwa Kapteni pia.

Sote tulilia. Hata Rifaat, ingawa hakuweza kuinamisha kichwa. Nikajua kwamba ushindi ni wangu.

Kura: saba kwa moja. Hiyo moja nilijipigia. Haji mwenyewe kampigia Rifaat! Akanikumbatia kwanza, akanishukuru, akanibusu kichwani, kisha akaenda kupiga kura dhidi yangu. Akasema shukrani ni kitu kimoja na amana ni kitu kingine. Na adhabu juu yake: mwaka mzima nisiguse kwa mikono yangu boksi la mwanachama yeyote lililofungwa.

Rifaat kashavaa kadi. Inamkaa vizuri juu ya ile kola. Dunia hii.

Jumapili, 21 Januari

Nimejitafakari siku mbili. Nimeswali, nimesoma, nimemsikiliza Nagat, ambaye alikuwa na mengi. Kosa langu nimelijua na nimelikiri mbele ya Mola wangu: sikupaswa kupiga pasi joho. Sitarudia tena. Joho, kamwe.

Saa tano asubuhi kaingia Mhandisi Galal kwa mlango wa nyuma, na furushi la mapazia. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Ndani ya mapazia kuna boksi. Binti Umeme, wa mwaka 1991, hajafunguliwa! Akasema tangu Ijumaa hapati usingizi. Miaka yote anajiuliza kama mkono wake wa radi unanyooka. Akasema Fundi, mimi nimeleta mapazia tu, mengine siyajui, nitarudi Jumatano.

Nikamwambia nimepigwa marufuku. Mikono yangu haigusi boksi. Akasema ndiyo, mikono.

Nimevaa glavu za Nagat za kuoshea vyombo.

Nimemkagua Binti Umeme dirishani mara tatu, kwa uangalifu wa mtu aliyetubu. Joho hana. Sketi ni ya plastiki. Kitambaa hana hata cha kufutia pua. Niko salama kabisa.

Ila nywele. Ni nyuzi za nailoni, ndefu, na upande wa kushoto zimelala vibaya, zimepinda kabisa, maskini. Nywele si joho. Pasi nimeiweka moto mdogo.