Mwenyekiti wa Kuhakiki Miti

Jumatatu, 2 Novemba 1998
Redio niliyokuwa nikiitengeneza imefufuka na kusema: serikali imeuahidi ulimwengu kwamba itapambana na joto la dunia kwa kupanda miti. Fungu la wilaya yetu ni miti elfu ishirini, mlimani Sagalla. Tena imeshapandwa yote! Nani kaihesabu? Basi nitaihesabu mimi, Ridha, fundi redio wa mtaa wa Kaloleni, hapa mjini. Mke wangu Nasima kaniambia kwanza nimalize redio ya mteja wangu Maundu, iko hapa tangu Ramadhani. Nikamjibu: nchi kwanza.

Jumatano, 4 Novemba
Nimepanda Sagalla kwa miguu. Jua! Nimehesabu mara mbili. Miti sabini na minne. Mmoja nikauegemea, ukaanguka nami: kigingi cha kufungia mbuzi. Sabini na mitatu. Bi Wakesho, kiongozi wa kina mama wa huko, akanikuta chini. Akasema waliletewa miche mia nne na ahadi ya tangi la maji. Tangi halikuja. Miche iliyobaki wanainywesha kwa ndoo za kichwani, kutoka kisima kinachokauka. Akaniomba niandike habari ya tangi. Nikamwambia kuandika aniachie mimi.
Nimeandika kurasa nane! Tangi limekosa nafasi.

Ijumaa, 6 Novemba
Nimempelekea barua Bwana Ndambuki, afisa wa miti. Nilijiandaa kufukuzwa. Kaisoma yote, kaagiza chai na mandazi, kasema taifa linahitaji watu kama mimi. Papo hapo kaniteua Mwenyekiti wa Kamati ya Kuhakiki Miti. Nimepewa na kofia! Nilipofika msikitini ndipo nikakumbuka: barua imebaki kwake. Sina nakala.

Jumatatu, 9 Novemba
Sirudi nyuma. Nitawabana nikiwa ndani. Ndambuki kasema wakubwa wa Nairobi wanakuja Alhamisi, hivyo nitie sahihi fomu. Fomu inasema elfu ishirini. Nimetia, ili waniamini. Ujanja! Alhamisi nitawageuka mbele ya watu. Nasima kauliza mbona nisiwageuke leo. Nasima hajui siasa.

Alhamisi, 12 Novemba
Nilipanga kusimama baada ya hotuba za wakubwa, huko Sagalla. Bi Wakesho akanitangulia. Alikuwa na daftari: kila mti, na jina la mama anayeunywesha. Sabini na mitatu. Akauliza: "Mlituahidi maji. Yako wapi?"
Mkubwa wa Nairobi akataka kujua nani alihakiki elfu ishirini. Ndambuki akaninyooshea kidole. Mimi! Nikaeleza kwamba nilihesabu na mbegu zilizo ardhini. Hata askari alicheka.
Mkubwa akaandika: tangi lifike kabla ya tarehe kumi na tano Desemba, Ndambuki ajieleze kwa maandishi, mwenyekiti pia. Miaka yote nimetaka serikali iulizwe. Leo imeulizwa, na serikali ni mimi.

Jumamosi, 14 Novemba
Kofia wameichukua. Bi Wakesho kapita kibandani kwangu, kwa upole, kuniomba nisimsaidie tena. Nimemwelewa: anaona haya kusema asante. Kosa langu nimeshalijua: barua ilikuwa fupi. Na hilo tangi, nani atalifuatilia? Nimeunda Kamati ya Kuhakiki Tangi. Mwenyekiti ni mimi. Fomu nimeichora mwenyewe, kwa rula. Na ili nisipoteze muda, nimeshatia sahihi kwamba tangi limefika.