Zamu ya Mtungi wa Serikali

Ninayo furaha kuwatangazia wananchi wote wa tarafa yetu, pamoja na wale wa tarafa jirani wanaotuonea wivu, kwamba Zoezi la Kwanza la Kujaza Mafuta Mashua ya Serikali lilifanyika na kukamilika kwa mujibu wa waraka. Yamesemwa mengi sokoni Nuu kuhusu siku ile. Mimi nilikuwepo. Mimi, Jonah Nzuki, Afisa Msaidizi wa Gati, ndimi pekee niliyekuwa nimevaa jaketi la kuokolea maisha, kwa hivyo maneno yangu yana uzito.

Kwanza niwajibu wanaouliza mashua ilikuwa inatafuta nini Kitui. Mwaka ule wa themanini na sita wafadhili walileta mashua za injini, na wakubwa wakaamua kila wilaya ipate yake, maana maendeleo hayabagui. Wilaya zenye ziwa zilipata mashua. Wilaya zisizo na ziwa zilipata mashua. Sisi tuna mto. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya mwaka mto wetu ni mchanga mtupu, na ng'ombe huuvuka bila kulowesha kwato. Lakini afisa akisinzia ofisini haachi kuwa afisa, na mto ni hivyo hivyo.

Tukajenga gati. Mbao nzuri, nguzo ndefu zilizochimbiwa mchangani, na kibao cha kukataza watu kupiga mbizi. Mashua ikafungwa kwa minyororo isije ikachukuliwa na mawimbi. Nikapewa kiti na jaketi la rangi ya machungwa. Jumapili ya kwanza nilienda nalo kanisani, na mchungaji akaniombea mara mbili.

Jambo moja tu halikupangwa. Gati lina kivuli, na chini ya mchanga wa pale kuna maji. Akina mama wakaja wakachimba kisima chao papo hapo, miguuni pa serikali.

Sasa, kwetu mama hasimami kwenye laini ya maji siku nzima. Anaacha mtungi wake wa plastiki usimame badala yake, yeye anaenda shambani. Mtungi ukiwa kwenye laini ni mtu. Haurukwi, hausukumwi nyuma. Zamu yake ikifika na mwenyewe hayupo, aliye kisimani anamjazia, anauweka kando, anamwita anayefuata. Mkubwa wa laini ile alikuwa Mama Ndila, mjane mwenye sauti iliyofanya kanisa letu lisinunue kengele.

Ndipo ukaja waraka. Bwana D.O. Nzomo, afisa mkuu wa tarafa, aliuleta mwenyewe kutoka ofisini kwake Nuu, ng'ambo ya mto, akaniamuru niusome mbele ya baraza. Nilisoma kwa sauti ya cheo changu: "Mtungi wa mafuta wa kubebeka hautashughulikiwa ukiwa ndani ya mashua. Utashushwa, utawekwa chini, ndipo ujazwe. Kifuniko hakitafunguliwa karibu na mashua bila kizima moto."

"Swali," akasema Mama Ndila. "Na kama hakuna mafuta?"

"Waraka hauzungumzii mafuta, mama," Bwana D.O. akamjibu kwa upole. "Unazungumzia mtungi."

"Na kama hakuna maji kwa mto?"

"Mama, hebu tusiingize siasa."

Nilitii. Nilishusha mitungi ya serikali, myekundu, mizuri, nikaiweka chini kando ya gati ili ingojee petroli. Landrova ilitumwa Kitui kuileta. Ikaishiwa na petroli njiani. Ikatumwa Landrova nyingine kuipelekea ile ya kwanza petroli, na hiyo ya pili nasikia bado inatafutwa. Kizima moto nacho kilikuwa kinashughulikiwa. Nikarudi kwenye kiti changu. Mitungi ikakaa pale mchangani, na jirani yake, kama kawaida, laini ya akina mama.

Halafu mvua ikanyesha huko juu milimani.

Wasioujua mto wetu hudhani maji huja polepole. Huja yakinguruma. Asubuhi ile Bwana D.O. alikuwa amevuka mchanga mkavu kwa viatu vyake vipya, akafanya baraza upande wetu juu ya ulipaji kodi, na alipomaliza akakuta nyumbani kwake kuko ng'ambo ya maji ya kahawia yanayobeba miti. Tulingoja yapungue kasi. Kufikia saa nane yalikuwa yametulia kidogo, ila katikati bado ni mengi. Mashua ilikuwa inaelea. Niliitazama nikatokwa na machozi, sioni haya kusema.

"Jonah," Bwana D.O. akaniuliza, "mitungi ina mafuta?"

Nikaenda kuinyanyua ukingoni, ambako akina mama walikuwa wameihamishia pamoja na laini yao maji yalipokuja. Ilikuwa mizito. Nikafurahi kwamba Landrova ilifika bila mimi kujua, jambo ambalo serikalini si geni. Kunusa sikuweza. Kunusa ni kufungua kifuniko, na kizima moto kilikuwa bado kinashughulikiwa.

"Imejaa, mkubwa."

"Si nilikwambia mfumo unafanya kazi?"

Hapo ndipo akatokea Mama Ndila na mkwe wake Ndinda, wanawake wengine wakiwa wamemshika Ndinda huku na huku. Uchungu ulikuwa umemwanza. Zahanati iko Nuu.

"Bwana D.O., saidia sisi na hii mashua," Mama Ndila akasema. "Huyu msichana, mtoto wa kwanza alikufa hapa kwa ukingo, tukingojea hii mto. Mimi ndiye nilishika yeye. Huyu wa pili hapana."

Kaburi lile dogo liko karibu na kiti changu, na nimezoea kuliona.

Bwana D.O. alivua kofia. "Mama, nasikia uchungu wako. Lakini mashua haijazinduliwa. Siwezi kuhatarisha raia kwenye chombo ambacho hakijajaribiwa. Lazima nijihatarishe mimi kwanza." Akafikiri zaidi. "Tena, mama mjamzito ni abiria wawili, na huyo wa pili hana jaketi."

"Aka!" Mama Ndila akasema. Aligeuka akaenda kwenye laini.

Tulijaza tangi la injini, vifuniko vikifunguliwa kwa kibali maalum cha mdomo. Pua yangu ilikuwa na mafua. Bwana D.O. alitoa hotuba fupi, akapanda, nami nikapanda. Nikavuta kamba. Ndani ya mpira wa mafuta wa injini kulikuwa na petroli kidogo iliyobaki kutoka huko ilikotoka mashua, nayo ikatusukuma kwa fahari hadi katikati ya mto. Pale injini ikakohoa, ikatoa mvuke, ikazima. Tukasukumwa hadi kwenye rundo la mchanga na magogo, tukakwama.

Bwana D.O. alichovya kidole kwenye mtungi, akakilamba.

"Jonah, hii ni maji."

"Maji safi, mkubwa," nikasema, kwa sababu yalikuwa safi.

Niliwapigia kelele walioko ukingoni. "Mwaitu, mama yetu! Ni nani aliyetia maji mitungi ya serikali?"

"Sisi!" Mama Ndila akajibu, wala hakuona la kuficha. "Ilikuwa kwa laini! Mwenyewe hayuko, tukamjazia. Wewe ungetaka turuke serikali?"

Wakati sisi tunajadili, wao walikuwa wameshamwaga mitungi yao ya manjano, wakaifunga vifuniko, wakaifunga pamoja kwa kamba za mkonge chini ya kitanda cha Mama Ndila. Kitanda kikaelea. Ndinda akalazwa juu. Mutie mchunga mbuzi na wanaume wenzake warefu wakaingia majini, wakakisukuma na kukivuta, pale kwenye kina wakining'inia kwenye mitungi. Walipita karibu nasi. Ndinda alikuwa amefumba macho, na Mama Ndila, majini hadi kidevuni, alikuwa anamwimbia. Bwana D.O. aliwapungia mkono. Hakuna aliyekuwa na mkono wa kumpungia yeye.

Wakavuka. Kitanda kikarudi, maana kulikuwa na watu wengine wa kuvuka, na tayari ukingoni mitungi ilikuwa imejipanga, mmoja mmoja kwa kila msafiri, na nyuma kabisa mbuzi wa Mutie. Mama Ndila alirudi nacho. Laini ni laini.

"Mama Ndila!" Bwana D.O. akaita. "Leta hicho kitanda hapa! Ni amri!"

"Mtungi yako iko wapi?"

"Iko hapa ndani ya mashua!"

"Ai, Bwana D.O.," akasema kwa upole ule ule aliotumia yeye barazani. "Mtungi haishughulikiwi ikiwa ndani ya mashua. Inashushwa, inawekwa chini. Si Jonah alitusomea?"

Bwana D.O. alinitazama, kisha akalitazama jaketi langu. Nikamwaga mtungi mmoja, nikaukumbatia na kujitosa. Nililetwa ukingoni na neema ya Mungu na hewa ya mtungi ule. Nikauweka chini, mwisho wa laini, nyuma ya mbuzi.

Jua lilikuwa linashuka ndipo habari ikapigiwa kelele kutoka ng'ambo: ni msichana, analia vizuri, na mama mzima. Mama Ndila alikaa chini mchangani akalia kwa sauti, nami nililia pamoja naye, nikiwa kazini.

Laini iliendelea. Mbuzi wa Mutie walivuka. Kisha zamu ikamfikia Bwana D.O. Mama Ndila aliuinua mtungi mwekundu, akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Mwenyewe yuko?"

Niliuonyesha mto kwa kidole, kule alikokuwa amesimama juu ya kiti cha mashua akipunga kofia kwa mikono yote miwili.

"Nauliza kwa laini."

"Kwenye laini hayupo, mwaitu," nikasema, maana afisa hasemi uongo.

Basi wakaujaza maji, wakaufunga kifuniko vizuri, wakauweka kando ili akija aukute, na Mama Ndila akamwita anayefuata.