Watoto Wanne wa Mbaluka

Jumatatu, 4 Machi 1957. Thika.
Tangazo ubaoni. Mfanyakazi wa serikali ataongezewa mshahara kwa kila mtoto wake anayelala nyumbani kwake. Gerishon, tarishi mwenzangu, ana saba. Ametabasamu siku nzima. Mimi sina hata mmoja, na barua tunabeba sawa! Nimejaza fomu kwa jina langu, Mbaluka. Watoto wanne. Majina yalikuja yenyewe.

Jumatano, 6 Machi.
Balaa. Bi Nafuna wa ustawi wa jamii atapita keshokutwa kuwaona watoto. Nikapanda basi hadi Ruiru kwa dada yangu Wayua, mwenye wanne. Nikamwambia hewa ya Thika itawafaa. Akasema hewa ni ileile, ila niwachukue, mradi nisiwarudishe kabla ya Jumapili. Alikuwa ameshawafungia nguo.

Alhamisi, 7 Machi.
Unga wa wiki umekwisha. Nimekuwa punda tangu nitoke kazini. Mukonyo, mwenye miaka mitatu, hataki kushuka mgongoni. Nimewafundisha kuniita Baba. Wameshika haraka mno. Jioni wamemwita Gerishon Baba pia.

Ijumaa, 8 Machi.
Bi Nafuna alifika saa kumi. Watoto wameoga, wamepakwa mafuta, wanang'aa. Akamuuliza mkubwa mimi ni nani. Baba, akajibu. Nikavimba kichwa. Akauliza mama yuko wapi.

"Mama yuko Ruiru," Mukonyo akadakia kutoka mgongoni kwangu, "na baba."

Nikaeleza kwamba kwetu Ukambani mjomba ni kama baba. Bi Nafuna akaniambia serikali haina fomu ya "kama". Kisha akacheka mpaka akakaa kitandani. Alisema kwa haki ningefukuzwa kazi, lakini nikiyafuta majina kwa mkono wangu, atasahau. Nikafuta. Gerishon alikuwa dirishani. Sasa landhi nzima, nyumba zetu zote za wafanyakazi, inajua.

Jumapili, 10 Machi.
Nimewarudisha. Mukonyo alining'ang'ania shingoni, ikabidi nibaki hadi chakula cha mchana. Wayua ameniomba nije kila Jumapili. Nitaenda. Nyumba imekuwa kimya kupita kiasi. Nimeapa: fomu basi.

Jumatatu, 11 Machi.
Tangazo jipya. Nyongeza kwa anayemtunza mzazi mzee. Gerishon hana mzazi! Mzee Omar, muuza kahawa wa stesheni, anaishi peke yake. Nimemuuliza kama angependa kunizaa. Amefikiri kidogo, akauliza leo tunapika nini.